Wakili wa Wanyamapori: Kazi Yake Kortini, na Inavyomhusu Mkulima wa Sagalla

Ndovu wakiingia shambani usiku, kazi ya miezi mitatu huisha kabla ya alfajiri. Mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba huwa yamelala chini, tangi la maji limepinduliwa na ua umevunjwa. Asubuhi hiyo mkazi wa Sagalla, Kasigau, Mwatate au Taveta hufanya yale anayoyajua: humpigia chifu, huwaita maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, huchukua picha kwa simu, kisha hungoja. Ni wachache wanaofikiria kwamba jambo hilo limeshakuwa la kisheria tangu ndovu alipoweka mguu shambani, na kwamba wapo mawakili ambao kazi yao ya kila siku ni sheria hiyo hiyo inayomhusu ndovu na mwenye shamba kwa pamoja.

Jina "wakili wa mazingira" huwafanya wengi wadhani huyo ni mtu wa kumtetea mnyama dhidi ya binadamu. Katika kaunti hii dhana hiyo ina mizizi. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta iko ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka wa 1948 wakati wa ukoloni. Sehemu inayobaki ndiyo iliyobeba mashamba, miji, ranchi, mkonge, migodi na watu. Mnyama naye hasomi ramani. Kwa hivyo mtu akisikia kuna wakili wa kulinda nyika, swali la kwanza huwa: na sisi analindwa nani?

Jibu fupi ni kwamba mawakili wa fani hii hawako upande mmoja. Yupo kiongozi wa mashtaka anayemshtaki mwenye pembe za ndovu, na yupo wakili anayemtetea mshtakiwa huyo. Yupo anayeandika mkataba baina ya ranchi na kampuni ya utalii. Yupo anayewasimamia wanakijiji wanaopinga mradi uliopewa leseni bila wao kusikizwa, na yupo anayekata rufaa kwa niaba ya mjane ambaye mumewe aliuawa na nyati. Wote hawa hutumia sheria zile zile chache, kubwa zikiwa Katiba ya 2010, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013.

Fidia ndiyo huwagusa wengi, kwa hivyo ifafanuliwe kwanza. Kifungu cha 25 cha sheria ya wanyamapori kinasema mtu akiuawa na mnyama aliyeorodheshwa, familia yake hulipwa shilingi milioni 5. Aliyejeruhiwa na kupata ulemavu wa kudumu hulipwa milioni 3, na majeraha mengine hulipwa hadi milioni 2 kulingana na ukubwa wake. Mimea, mifugo na mali hufidiwa kwa bei ya soko. Orodha hiyo haina kila mnyama. Ndovu, simba, chui, fisi, mamba na nyati wamo, lakini mtu asichukulie kwamba chochote kitokacho porini kimo.

Dai hupelekwa kwa kamati ya kaunti ya uhifadhi wa wanyamapori na fidia, ambayo hulithibitisha. Madai ya vifo na majeraha huendelea hadi kwa waziri yakiwa na mapendekezo ya kamati. Hapa inafaa jambo moja lisemwe wazi, kwa sababu afisi za kaunti hupokea wageni wengi wanaolalamika: Katiba, katika Jedwali la Nne, imeweka ulinzi wa wanyamapori chini ya serikali ya kitaifa. Kamati ina jina la kaunti, lakini pesa za fidia hazitoki katika hazina ya kaunti. Malipo yamekuwa yakichelewa, mara nyingine kwa miaka, na hasira ya wakazi juu ya hilo inaeleweka.

Ndani ya kifungu hicho hicho kuna sentensi ambayo imewaponza wakulima wengi. Inasema fidia ya mimea, mifugo au mali haitalipwa ikiwa mwenyewe hakuchukua hatua za kadiri kuilinda, au kama anavyoitumia ardhi yake hakulingani na mpango wa usimamizi wa eneo hilo. "Hatua za kadiri" ni maneno mawili matatu tu, lakini ndiyo wakili hukaa nayo siku nzima. Je, boma la miiba linatosha dhidi ya simba? Je, uzio wa mizinga ya nyuki, kama ule uliojaribiwa Sagalla kuwazuia ndovu, ni hatua ya kadiri au ni zaidi ya kadiri? Je, mkulima asiyekuwa na pesa za waya anahukumiwa sawa na mwenye nazo? Wakili mzuri hamwachi mteja wake aende mbele ya kamati na hadithi tupu. Humwambia apige picha ya ua kabla haujavunjwa na baada, atunze nambari ya ripoti ya KWS au ya kituo cha polisi, na ahakikishe kwamba afisa wa kilimo amepima hasara mapema, nyayo zikiwa bado zinaonekana na mabua hayajalishwa mbuzi.

Anayeona kwamba amepunjwa, au dai lake limekataliwa bila sababu, ana siku 30 tangu kujulishwa uamuzi kukata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira. Kutoka hapo anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 30 si nyingi kwa mtu anayeishi Buguta na aliyepata barua yake kupitia kwa jirani. Madai mengi hufia hapo, wala si kwa ubovu wa ushahidi.

Haki ya mtu wa kawaida kufika mahakamani kwa ajili ya mazingira ni changa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka wa 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Mahakama haikufika hata kwenye suala la bustani. Ilisema yeye binafsi hakuonyesha jinsi atakavyodhurika kuliko mtu mwingine yeyote, kwa hivyo hakuwa na haki ya kuleta kesi. Jengo hilo halikujengwa, lakini lilizuiwa na kelele za umma na wafadhili kujiondoa, wala si kwa amri ya jaji. Kwa muda mrefu baada ya hapo wakili yeyote aliyetaka kuutetea msitu, mto au mbuga alianza kwa kujibu swali hilo moja: wewe inakuhusu nini?

Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kimelifuta swali hilo. Mtu yeyote anayeona kwamba haki ya mazingira safi na yenye afya, iliyo katika Kifungu cha 42, inavunjwa au inaelekea kuvunjwa anaweza kwenda kortini, na halazimiki kuonyesha kwamba yeye au mwingine amepata hasara au ameumia. Mahakama inaweza kuzuia jambo kabla halijatendeka. Kwa wanyamapori hili lina uzito wa pekee. Ndovu hawezi kula kiapo, na chemchemi haiwezi kutoa ushahidi. Lazima awepo mtu wa kufungua kesi, na sasa mtu huyo anaweza kuwa mchungaji wa ng'ombe wa Mgeno.

Kesi iliyoonyesha umbali ambao kazi hii inaweza kufika haikuamuliwa hapa nchini. Tanzania ilipotangaza mpango wa kujenga barabara ya lami kukatisha kaskazini mwa hifadhi ya Serengeti, shirika moja la kutetea wanyama lenye makao Nairobi, African Network for Animal Welfare, lilikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha mwishoni mwa mwaka wa 2010. Barabara ingepita njia ya nyumbu zaidi ya milioni moja wanaohama kila mwaka kati ya Serengeti na Maasai Mara.

Wakili wa Kenya alikuwa na mtihani mgumu. Barabara ilikuwa ndani ya Tanzania, kwa mpango wa serikali ya Tanzania, na ilikusudiwa kuwafaa wananchi wa Tanzania waliokosa barabara nzuri kwa miaka mingi. Hoja ya mwisho haikuwa ndogo, na mtu anayetoka eneo lenye barabara mbovu anaielewa vizuri. Serikali ya Tanzania ilianza kwa kusema mahakama haina mamlaka ya kusikiza jambo hilo. Wakili akajibu kwa Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: nchi wanachama zenyewe ziliahidi kushirikiana katika kutunza maliasili, na wanyama hao ni wa pande zote mbili za mpaka. Mahakama ilikubali kwamba ina mamlaka. Tarehe 20 Juni 2014 ikaamua kwamba mpango wa awali wa lami ungevunja Mkataba, na ikaizuia Tanzania kuutekeleza. Rufaa ilisikizwa, na mwaka wa 2015 zuio la barabara ya lami likabaki.

Wanaosoma hukumu ile wataona kwamba haikusema watu wa kaskazini mwa Tanzania wasipate barabara. Ilichozuia ni lami kupitia mahali pale, kwa mpango ule. Kesi nyingi za nyika huisha hivyo, kwa jambo dogo kuliko walivyotaka washindi na dogo kuliko walivyoogopa walioshindwa.

Hapa nyumbani, kesi iliyofundisha mawakili wengi ni ya Lamu. Septemba 2016, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilitoa leseni kwa kampuni ya Amu Power kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi. Wakazi chini ya kundi la Save Lamu walikata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira, wakihofia uvuvi, mikoko na afya zao. Tarehe 26 Juni 2019 jopo lilifuta leseni. Sababu kubwa haikuwa moshi. Jopo lilisema umma haukushirikishwa ipasavyo: mikutano ilifanyika mwanzoni, lakini ripoti yenyewe ya athari ilipokamilika, wananchi hawakupewa nafasi ya kweli ya kuisoma na kuijadili. Kampuni ilikata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupilia mbali.

Kwa hivyo mkutano wa hadhara chini ya mwarubaini, ambao wengi huuona kama siku ya kupoteza na kupewa soda, ni ushahidi wa kortini. Orodha ya waliohudhuria, lugha iliyotumika, kama ripoti ilikuwapo au ilisimuliwa tu, nani aliuliza nini na akajibiwa vipi: hayo ndiyo wakili huyatafuta miaka mitatu baadaye. Anayekwenda mkutanoni na daftari na kuandika maswali yake huwa amewasaidia wengi. Na asiyekubaliana na leseni iliyotolewa aanze kuhesabu siku mapema, kwa sababu rufaa kwa jopo hufunguliwa ndani ya siku 60. Wakazi wengi hujua kwamba kuna leseni siku wanapoona tingatinga, na huenda tarehe hiyo imeshapita. Leseni ikitolewa huwa na masharti, kwa mfano kuacha njia ya wanyama au kutotoboa kisima zaidi ya kina fulani. Sharti lililoandikwa ndilo linaloweza kudaiwa, wala si ahadi iliyotolewa kwa mdomo na meneja wa mradi.

Upande wa jinai una sura nyingine kabisa. Kwa sheria ya zamani, Sura ya 376, faini kwa makosa mengi ya nyara za wanyama haikuzidi shilingi 40,000, pesa ambazo mfanyabiashara wa pembe angezitoa mfukoni. Shirika la WildlifeDirect lilipokagua faili za kesi za mwaka wa 2008 hadi katikati ya 2013 katika mahakama kadhaa, lilikuta kwamba kati ya waliopatikana na hatia katika kesi za ndovu na vifaru, ni asilimia 4 pekee waliofungwa jela. Sheria ya 2013 iliongeza uzito. Kuwa na nyara bila kibali kulipewa faini isiyopungua shilingi milioni moja au kifungo kisichopungua miaka mitano, na makosa dhidi ya wanyama walio hatarini kuangamia yakawekewa adhabu ya hadi kifungo cha maisha. Vifungu kadhaa vimerekebishwa tangu hapo.

Adhabu kali hata hivyo haithibitishi kosa. Katika kesi moja ya Mombasa iliyofuatiliwa kote duniani, pembe za zaidi ya tani mbili zilikamatwa mwaka wa 2014, na mwaka wa 2016 mshtakiwa mmoja akahukumiwa miaka 20 jela pamoja na faini ya shilingi milioni 20. Miaka miwili baadaye Mahakama Kuu ilimwachilia, ikisema ushahidi haukutosha kumhusisha na pembe hizo. Waliochukia uamuzi huo walimlaumu jaji. Mawakili wa mashtaka walijifunza jambo jingine: askari wa kwanza kufika mahali pa tukio ndiye anayeshinda au kupoteza kesi. Nani alishika mfuko, uliwekwa wapi usiku ule, nani aliusaini kuingia na kutoka, picha ilipigwa lini. Mtaalamu lazima athibitishe kwamba kitu kile ni pembe ya ndovu kweli, si plastiki wala mfupa wa ng'ombe, na KWS ilifungua maabara yake ya uchunguzi mwaka wa 2015 kwa ajili ya kazi kama hiyo. Siku hizi waendesha mashtaka wa Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma huhusishwa mapema, kabla faili haijafungwa, wasije wakapokea karatasi zisizoshikana.

Kesi za nyama ya porini ndizo huumiza kichwa zaidi katika ukanda huu. Anayekamatwa na kilo chache za nyama ya swala au dikidiki mara nyingi si mfadhili wa biashara. Ni kijana asiye na wakili, anayekiri kosa asubuhi hiyo hiyo bila kuelewa adhabu inayomngoja. Sheria haimpi ruhusa ya kuwinda hata kwa chakula cha nyumbani. Lakini ana haki ya kuelezwa shtaka kwa lugha anayoielewa, na chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 asiyejiweza anaweza kuomba wakili wa serikali. Kumtetea mtu huyo ni kazi ya wakili wa mazingira kama ilivyo kumshtaki.

Kazi isiyoonekana kabisa ni ya mikataba, na kwa Taita Taveta pengine ndiyo yenye pesa nyingi zaidi. Ranchi nyingi kati ya mbuga hizi mbili ni njia za ndovu. Zile za Lualenyi, Mramba na Oza ziliungana kuwa hifadhi ya LUMO. Ukanda wa Kasigau umekuwa ukiuza haki za kaboni tangu 2011, ukiwa miongoni mwa miradi ya kwanza duniani kupata hati za kaboni kwa kulinda msitu usikatwe. Wakili akiletewa mkataba wa aina hiyo, swali lake la kwanza si bei. Huuliza ardhi hii ni ya nani kisheria: ya umma, ya jamii, ya kampuni yenye wanahisa, au ya mtu binafsi? Jibu hubadilisha kila kitu kinachofuata. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, ilivyorekebishwa mwaka wa 2023, inataka mradi wa kaboni ulio kwenye ardhi ya umma au ya jamii uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, chini ya makubaliano ya maendeleo ya jamii yaliyosajiliwa. Wanahisa wa ranchi ya kampuni wasichukulie kwamba kiwango hicho kinawafikia moja kwa moja; wao hutegemea zaidi kile kilichoandikwa katika mkataba wao.

Kisha huja maswali ya muda na ya kutoka. Mkataba ni wa miaka mingapi? Mifugo itaruhusiwa kunywa maji wapi wakati wa kiangazi? Kampuni ikiuza haki zake kwa nyingine, ranchi itaulizwa? Mgogoro ukizuka utaamuliwa Voi au ng'ambo? Wakurugenzi wa ranchi wakisaini bila mkutano wa wanachama, nini hutokea? Mikataba ya miaka 30 imesainiwa na watu ambao hawatakuwa hai itakapoisha, na wajukuu wao ndio watakaoisoma kwa makini mara ya kwanza.

Vijana wa kaunti wanaoitaka kazi hii hupitia njia ile ile ya kila wakili: shahada ya sheria ya miaka minne, Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya, mafunzo chini ya wakili mzoefu, kisha kuapishwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo cha masomo ya juu ya sheria na sera za mazingira. Mishahara hutofautiana sana, na wakili wa kesi za umma hulipwa na wafadhili au halipwi kabisa. Kinachowasaidia walioishi karibu na mbuga ni kwamba wanajua tayari jinsi ndovu anavyoingia shambani, jambo ambalo wenzao wa mjini husoma kwenye faili.

Anayehitaji msaada sasa hivi aanze na ripoti kwa KWS au kituo cha polisi kilicho karibu, na ahifadhi nakala. Malalamiko kuhusu uharibifu wa mazingira hupelekwa kwa afisi ya NEMA ya kaunti. Kabla ya kulipa pesa kwa mtu anayejiita wakili, jina lake litafutwe kwenye orodha ya Chama cha Mawakili wa Kenya, inayoonyesha kama ana cheti cha mwaka huu. Barua yoyote ya kukataa dai iandikwe juu yake, kwa kalamu, tarehe ilipopokelewa na jina la aliyeileta.